Kuchagua nchi ya kuishi baada ya kustaafu: hatua kwa hatua kwa mstaafu wa Mtwara na Lindi

Kazi yangu hapa Mtwara mjini ni makaratasi ya wastaafu: madai ya mafao, uhakiki, vyeti vya ndoa vilivyopotea, majina yasiyofanana kati ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Siku hizi wengi wakimaliza shida iliyowaleta huongeza swali: "Mwanangu, nataka nikapumzikie nje. Niende nchi gani?" Mara nyingi anayeuliza ameshachagua moyoni. Huyu ana binti Canada, yule ana ndugu zake Pemba ya Msumbiji, mwingine alishawahi kukaa Mombasa na hajaisahau.

Ushauri wangu ni mmoja kwa wote: anza kwa kufuta. Andika nchi zote unazozitamani kwenye ukurasa wa daftari, kisha upige mstari kwenye kila moja ambayo sheria, pensheni au afya yako inaikataa. Zitabaki chache, na hizo ndizo za kuzipima kwa moyo.

Hatua ya 1: Andika pensheni ya mwezi, uache mkupuo

Nunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza andika kiasi kinachoingia benki kila mwezi kutoka PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, au NSSF kama ulikuwa sekta binafsi. Mkupuo, yaani pesa ya mara moja unayolipwa ukistaafu, usiuandike hapo. Kanuni zilizoanza Julai 2022 ziliweka mkupuo kuwa asilimia 33, na zimeshafanyiwa marekebisho tangu hapo, kwa hiyo omba mfuko wako ukupe hesabu yako kwa maandishi ungali kazini. Hata ukiwa mkubwa, mkupuo huisha: bati, karo, deni la benki, ndugu waliokuwa wanaisubiri siku hiyo kama wewe. Kodi ya nyumba ugenini hailipwi kwa pesa iliyokwisha.

Korosho nazo ziandike ukurasa wake. Pesa yake huja kwa msimu, mnada unapoanza kuanzia Oktoba na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapolipa, na bei ya mwaka huu haikwambii chochote kuhusu ya mwakani. Tena ukiwa mbali, palizi na kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, utamlipa mtu. Mimi humwambia mstaafu asiiingize kabisa korosho kwenye bajeti ya nje. Ikija, iwe nauli ya kurudi na akiba ya ugonjwa.

Sasa geuza pensheni hiyo kuwa fedha ya kigeni, kwa viwango viwili tofauti. Chukua pensheni ya shilingi 500,000. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, kwa hiyo ungepata kama dola 217. Mwaka 2024 dola ilipokaribia shilingi 2,700, pesa ileile ilikupa dola 185. Hakuna aliyekupunguzia pensheni, lakini mwenye nyumba wako ugenini angeona imepungua. Bajeti ya nje ifanye kwa kiwango kibaya.

Hatua ya 2: Tafuta mlango wa kuingilia kisheria

Hapa ndipo nchi nyingi zinapofutika, na ndipo ninapokaa na mtu muda mrefu zaidi. Mlango uko wa aina tatu.

Wa kwanza ni kibali cha mstaafu. Nchi kadhaa zinacho, na zinakitangaza kwa picha nzuri za bahari. Angalia masharti. Kenya ina kibali cha daraja K, kwa mtu wa miaka 35 au zaidi mwenye kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka kutoka nje ya Kenya. Afrika Kusini hutaka randi 37,000 kwa mwezi. Thailand hutaka uwe na miaka 50, na baht 65,000 kwa mwezi au baht 800,000 zilizokaa benki kwao. Ukizigeuza zote kwa shilingi, unaangukia palepale: karibu milioni tano kila mwezi. Vibali hivi vimetengenezwa kwa ajili ya mwenye pensheni ya Ulaya au Marekani. Mwalimu mkuu mstaafu wa Nachingwea, hata awe ametumikia miaka thelathini na tano, hafiki hapo kwa pensheni pekee. Kama una nyumba za kupangisha Dar es Salaam zinazokufikisha, endelea. Kama huna, piga mstari, na usimpe dalali hata shilingi moja anayekwambia "kuna njia".

Mlango wa pili ni mtoto, na kwa watu wa huku ndio ulio wazi zaidi. Masharti yanategemea mtoto ana karatasi gani kule aliko. Marekani, mtoto akiwa raia mwenye miaka 21 au zaidi anaweza kumwombea mzazi ukaazi wa kudumu, ingawa Januari 2026 Marekani ilisitisha kutoa viza za uhamiaji kwa Watanzania. Akiwa na ukaazi wa kudumu tu, bila uraia, hawezi. Canada kuna viza ya wazazi na babu na bibi inayokuruhusu kukaa hadi miaka mitano kwa mkupuo mmoja, mtoto au mjukuu akiwa raia au mkaazi wa kudumu mwenye kipato kinachotosha, na wewe ukiwa na bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Canada kwa mwaka mmoja. Uingereza ni ngumu: mzazi lazima aonyeshe kwamba anahitaji kusaidiwa kazi za kila siku, kuvaa, kuoga, kupika, na kwamba msaada huo hauwezi kupatikana nyumbani hata mtoto akitoa pesa. Mtu anayetembea mwenyewe hadi ofisini kwangu hana sababu ya kujaza fomu hiyo.

Mpigie mtoto simu umuulize waziwazi: una uraia au ukaazi? Kipato chako kinafika? Mkeo, au mumeo, amekubali? Swali la mwisho halimo kwenye fomu yoyote, lakini nimeona wazee wenye viza halali wakirudi Masasi kwa sababu halikuulizwa.

Mlango wa tatu ni ujirani. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia Kenya, Uganda au Rwanda bila viza na huweza kupewa hadi miezi sita. Itifaki ya Soko la Pamoja ya mwaka 2010 inatoa haki ya ukaazi, lakini imeifunga kwa wanaokwenda kufanya kazi au kuanzisha biashara pamoja na familia zao. Mstaafu wa kupumzika tu hakutajwa. Kwa hiyo utaingia kama mgeni. Afisa anapogonga muhuri, soma siku alizokuandikia kabla hujaondoka dirishani.

Na Msumbiji? Watu wa Newala, Tandahimba na Nanyumbu wananiuliza zaidi kuhusu Msumbiji kuliko nchi nyingine, na ninaelewa sababu. Wamakonde na Wamakua wako pande zote mbili za mto Ruvuma, Daraja la Umoja pale Mtambaswala limefunguliwa tangu 2010, na ukivuka bado unasikia lugha ya nyumbani. Lakini Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, imekuwa na vita tangu Oktoba 2017. Mji wa Palma ulishambuliwa Machi 2021, na kabla ya hapo, Oktoba 2020, wavamizi walivuka mto hadi kijiji cha Kitaya, huku kwetu. Kimbunga Kenneth kilipiga jimbo hilohilo Aprili 2019, na Chido Desemba 2024. Kiofisi kila kitu ni Kireno, hata faili lako la hospitali. Kumtembelea shangazi ni sawa, hali ikiruhusu. Kuhamishia uzee wako huko kwa sasa, mimi simshauri mtu.

Hatua ya 3: Tenganisha ukaazi na uraia, kwa sababu ya shamba

Tafadhali isome hatua hii mara mbili. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukaazi wa kudumu wa nchi nyingine haukuondolei Utanzania. Ni sawa na mgeni aliyeruhusiwa kukaa muda mrefu. Ila siku unapoapa kuwa raia wa huko, umeuacha uraia wa hapa. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeiweka ardhi kwa raia. Asiye raia hupewa kwa ajili ya uwekezaji. Marekebisho ya 2025 yaliweka hadhi maalumu kwa wageni wenye asili ya Tanzania, lakini masharti yake yaulize kwanza, usiyategemee kwa kusikia. Fikiria mikorosho yako ya Mnyambe au minazi ya Kilwa, iliyo kwenye ardhi ya kijiji, imebaki chini ya mtu ambaye kisheria ni mgeni. Mtoto akikwambia "baba, omba uraia, mambo yatakuwa rahisi", muulize mambo gani, na yawe rahisi kwa nani.

Ugenini nako ardhi ina sheria zake. Kenya, kwa katiba ya 2010, asiye raia hupata upangaji usiozidi miaka 99. Msumbiji ardhi ni mali ya dola na haiuzwi. Kwa hiyo panga nyumba. Usinunue kwa mkupuo.

Hatua ya 4: Tiba, na mazishi

Mtumishi aliyekuwa mwanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, huendelea kutibiwa akistaafu, yeye na mwenza wake, kwa masharti ya mfuko. Kadi hiyo inafanya kazi Ligula, Ndanda, Nyangao na Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Ukivuka mpaka, umeiacha nyuma.

Chukua karatasi, uandike kila dawa unayokunywa, jina lake halisi na miligramu zake. Mama mmoja muuguzi mstaafu wa Masasi alikuja na viza ya kwenda kwa binti yake ikiwa karibu kukamilika. Tukatandika mezani vidonge vyake: vya presha viwili, vya sukari kimoja, na matone ya macho. Tukamtumia binti orodha hiyo ili aulize kampuni ya bima kama magonjwa ambayo mama anayo tayari yatalipiwa. Jibu lilikuwa kwamba presha ingelipiwa tu kama dawa zake hazijabadilishwa kwa miezi kadhaa kabla ya safari, na daktari alikuwa amembadilishia juzijuzi. Safari ikasogezwa mbele. Bima ya mtu wa miaka 65 mwenye kisukari si bei ya kijana, na vipengele vidogo ndivyo vinavyoamua. Marekani vilevile: mzazi aliyepewa ukaazi wa kudumu hana haki ya bima ya serikali ya wazee mpaka atimize miaka 65 na awe amekaa miaka mitano mfululizo.

Halafu zungumzeni mazishi, wewe na watoto, bila kuona haya. Mtu wa Mikindani au Kilwa Kivinje amezoea kuona maiti ikizikwa siku hiyohiyo. Kusafirisha mwili kutoka bara jingine huchukua siku nyingi na pesa nyingi. Amua: nikifia huko, nizikwe huko, au nirudishwe? Kama ni kurudishwa, bima iwe na kipengele hicho. Andika wosia, RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea na kuhifadhi. Kwetu, ambako mjomba na wapwa bado wana sauti kwenye mali ya marehemu, mjane asiye na wosia mkononi hupata shida hata mume akifia nyumbani, sembuse ughaibuni.

Hatua ya 5: Kaishi kwanza, katika mwezi mbaya

Nchi iliyobaki daftarini iendee kwa majaribio, na uchague msimu wake mgumu. Canada nenda Januari, uone kama utaweza kutoka nje. Nairobi nenda Julai, kwa baridi. Usikae hotelini wala usiwe mgeni wa kuchinjiwa kuku. Panga chumba, nenda sokoni mwenyewe, panda daladala za huko, tafuta msikiti au kanisa, ugua mafua uone unakwenda wapi. Kila jioni andika ulichotumia. Miezi miwili ya kuandika hivyo itakupa jibu ambalo mimi siwezi kukupa.

Kwa wengi wanaofika hatua hii, kinachobaki ni mpango wa nusu mwaka, na nadhani ndio unaowafaa watu wa Kusini kuliko wote. Ondoka Januari, korosho zikiwa zimeshalipwa. Rudi Juni, kabla salfa haijapamba moto. Mombasa inaingia vizuri ndani ya miezi hiyo: Kiswahili, pwani, hospitali kubwa, na hukai zaidi ya muda wa mgeni. Siku zako pia hazifiki 183, kiwango ambacho nchi nyingi hutumia kuanza kukuhesabu kuwa mkaazi wa kodi. Ila Kenya hukuhesabu pia ukizidi wastani wa siku 122 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kwa hiyo ukirudia safari hii kila mwaka, hesabu siku zako. Hilo si dogo, maana Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili na nchi chache tu, zikiwemo Afrika Kusini, Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Kenya haimo.

Hatua ya 6: Funga mambo ya hapa kabla ya kupanda gari

Uliza mfuko wako uhakiki wa mstaafu aliye nje unafanywaje, na upate jibu kwa maandishi. Usipohakikiwa, pensheni husimama, na ukiwa mbali kuifufua ni kazi.

Laini ya simu iliyounganishwa na benki usiiache izime. Iwekee huduma ya kutumika nje, au kabla hujaondoka nenda benki ubadilishe namba inayopokea ujumbe wa siri. Akaunti na pasipoti viwe na jina lileile, herufi kwa herufi. Pasipoti ni shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi. Kama yako imebakiza chini ya mwaka, ibadilishe sasa.

Mwisho, shamba na nyumba. Mchague mtu mmoja, mwandikishieni kwa wakili hati ya kusimamia mali, itaje waziwazi kwamba anaweza kupokea stakabadhi za korosho na kulipa vibarua, na kwamba hawezi kuuza wala kuweka rehani. Nakala moja ibaki AMCOS, nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji, ya tatu uende nayo.