Uzi ukivuta, vipande vya kitenge havikutani kona

Kabla hujaizungusha ile tensheni ya cherehani (kile kitufe chenye namba cha kukaza na kulegeza uzi wa juu) hebu toa uzi wote uupitishe upya, mguu unaobana kitambaa ukiwa juu, maana ukiwa chini zile sahani ndogo zinazobana uzi zimefunga na uzi hauingii katikati, hapo ndo wengi tunahangaika bure. Afu weka uzi mwekundu juu, mweupe kwenye bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), shona mabaki ya kitambaa. Mweupe ukichungulia juu, legeza kidogo, nusu namba tu. Mwekundu ukifanya vitanzi chini, kaza. Mkazo wa bobini mi siugusagi labda nimeshindwa kabisa. Sasa pima: vipande 3 vya upana wa inchi 1 na nusu, ukiviunga kwa mshono wa robo inchi na kupiga pasi, vinatoa inchi 3 na nusu. Ikipungua na mshono umejikunyata, bado umekaza sana.