Jinsi ya kukagua kijaluba cha kale cha tumbaku chenye jina la Willem V

Ukipata kijaluba cha shaba cha Kiholanzi cha karne ya 18, chenye jina la mtawala wa Uholanzi Willem V kifunikoni, usikisafishe kwanza. Ndimu na majivu tunavyosugulia masinia hula nakshi, na bila nakshi huna ushahidi.

1. Mulika kutoka ubavuni. Zima taa ya juu, laza tochi karibu sawa na kifuniko, kisha kizungushe kijaluba polepole. Herufi ulizodhani zimefutika zitajitokeza. Piga picha papo hapo.

2. Chunguza mstari mmoja kwa lenzi. Mstari wa mkono huanza mwembamba, hunenepa fundi alipokandamiza, kisha huchongoka. Kingo za mviringo zenye vitundu vidogo ni dalili ya shaba iliyomiminwa. Uso ukiwa umechakaa ilhali ndani ya mstari kunametameta, nakshi hiyo ni ya juzi. Mimi hapo humrudishia muuzaji bila mjadala.

Fungua kifuniko pia. Picha iliyofura nje na kubonyea ndani imegandamizwa kwa kalibu, kama zile za Johann Heinrich Giese wa Iserlohn, Ujerumani, zilizomsifu Friedrich II, mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani. Ni kazi nzuri, lakini si nakshi ya mkono.

3. Soma alama. PWDV ni Prins Willem de Vijfde, yaani Mwanamfalme Willem wa Tano. Mchungwa ni alama ya ukoo wa Orange, ukoo wa Willem.

4. Pima mwaka. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu mwaka ulioandikwa ni wa tukio, na kijaluba chaweza kuwa kimetengenezwa baadaye. Mwaka 1747 Willem IV alifanywa Stadhouder, yaani mtawala, wa majimbo yote saba ya Uholanzi. Mwanawe, Willem V, alizaliwa 1748, akarithi cheo 1751 akiwa na miaka mitatu tu, akashika madaraka mwenyewe 1766, akamwoa Wilhelmina wa Prussia 1767. Mwaka 1787 jeshi la Prussia lilimrejeshea mamlaka. Kwa hiyo ukiona 1748 pamoja na sura ya mtu mzima, huyo ama ni baba, ama ni mwana aliyechorwa miaka mingi baada ya kuzaliwa. Herufi za hatua ya 3 zitakuamulia.

5. Kagua bawaba. Pini mpya si kasoro kubwa, ila ipunguze bei.

6. Futa vumbi kwa brashi laini, kavu. Ukiona unga wa kijani unaopukutika, kitenganishe na vijaluba vingine, kiweke mahali pakavu, umpelekee mhifadhi wa makumbusho.