Gari likikataa kuwaka: mambo ya kuzingatia kabla ya kumwita fundi wa umeme

Gari likikataa kuwaka asubuhi, wengi wetu hapa Nairobi hukata kauli kabla hata ya kufungua boneti: betri imekufa. Betri mpya inanunuliwa, gari linawaka, kila mtu anashukuru. Baada ya muda hali inarudi kuwa ileile, na sasa fundi anasema ni stata, mota inayozungusha injini ili iwake. Stata nayo inabadilishwa. Kumbe tangu mwanzo shida ilikuwa klampu ya betri iliyolegea, au waya wa ethi (unaounganisha betri na bodi ya gari) ulioozea ndani, kitu ambacho bei yake haikaribii hata robo ya bei ya betri. Pesa za namna hii zinauma sana, na nyingi zingeokolewa kwa kupima kabla ya kubadilisha. Kupima hakuhitaji uwe fundi. Kunahitaji masikio, mita ya bei nafuu na matayarisho machache kabla siku yenyewe haijafika.

Anza na buti ya gari. Mita ndogo ya kupimia volti utaipata Luthuli Avenue, au Kirinyaga Road, pale ambapo wengi bado wanapaita Grogan. Ongeza spana namba 10, kwa sababu ndiyo inayofungua klampu za betri kwenye magari mengi ya Kijapani, kisha tochi, brashi ya waya, glavu, fyuzi za akiba za ampea 10, 15, 20 na 30, na nyaya za kujampia, yaani za kuazima umeme wa betri ya gari jingine. Nyaya hizo zichague kwa uangalifu. Zile za bei ya chini mara nyingi zina plastiki nene na shaba nyembamba ndani. Zinapata moto mkononi na gari haliwaki. Kisha, siku ambayo gari ni zima, lifungue mchana ulijue. Betri iko wapi? Kwenye baadhi ya magari iko kwenye buti au chini ya kiti. Visanduku vya fyuzi huwa viwili au zaidi, kimoja chini ya boneti na kingine karibu na magoti ya dereva. Gari likiwa limetoka Japani moja kwa moja, mfuniko wa kisanduku huenda umeandikwa Kijapani. Upige picha na uutafsiri kwa simu ukiwa umetulia nyumbani, maana saa mbili usiku mvua ikinyesha hutakuwa na subira hiyo.

Ukiwa hapo, pima betri na uandike namba. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuguswa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na ikifika 12.0 karibu inaisha. Sasa washa injini upime tena: unatarajia kati ya 13.8 na 14.5, na hiyo ndiyo kazi ya altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka. Namba hizi ukiwa nazo kwenye simu, siku ya shida utakuwa na cha kulinganisha. Zipime tena mwezi wa Juni, kabla ya baridi ya Julai, kwa sababu baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili iwe nzito, hivyo stata inadai zaidi kutoka kwa betri iliyo na kidogo. Foleni nayo ina mchango wake. Ukikwama Mombasa Road jioni ya mvua, taa zimewashwa, waipa zinakwenda, feni ya kuondoa ukungu iko juu na simu inachaji, injini iko silensa (inazunguka polepole gari likiwa limesimama) na altaneta inatoa kidogo kuliko inavyotoa gari likikimbia. Betri ndiyo inayojazia pengo, na safari fupi ya kesho yake haiirudishii ilichopoteza.

Sasa siku imefika, umegeuza ufunguo na gari limegoma. Usirudie mara kumi. Rudia mara moja tu, ukisikiliza, kwa sababu sauti ndiyo itakayokuambia uangalie wapi.

Kukiwa kimya na dashibodi haiwaki kabisa, betri ni tupu, klampu imechomoka, au fyuzi kuu imekatika. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka, umeme upo ila hautoshi: betri dhaifu au muunganisho mbaya. Ukisikia “ta!” moja nzito kisha kimya, elekeza macho kwenye stata na nyaya zake. Injini ikizunguka kivivu, rudi kwenye betri na nyaya. Lakini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida na haishiki moto, iache betri kabisa. Hapo tafuta pampu ya petroli, sensa au kizuizi cha wizi, na usishikilie stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, maana itaungua.

Kuna kimya cha aina nyingine kinachowachanganya watu: dashibodi inang'aa vizuri, lakini ukigeuza ufunguo hakuna kinachotokea. Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki, peleka gia kwenye N ujaribu tena. Swichi inayozuia gari kuwaka likiwa ndani ya gia huchakaa, na mara nyingi hukubali kwenye N ilhali imekataa kwenye P. Gari la manuali linaweza kuwa na swichi kama hiyo kwenye klachi. Gari la kubonyeza kitufe linataka kujua kwamba umekanyaga breki, kwa hiyo mwombe mtu aangalie nyuma kama taa za breki zinawaka. Isipowaka hata moja, swichi ya breki au fyuzi yake ndiyo mshukiwa wa kwanza. Na kama gari linadai halioni ufunguo, huenda betri ya ufunguo imeisha. Magari mengi hukubali ukiusogeza ufunguo wenyewe hadi ugusane na kitufe.

Jaribio moja zuri halihitaji mita. Washa taa kubwa, kisha piga stata ukiziangalia kwenye ukuta au geti. Zikififia hadi karibu kuzima, betri au miunganisho yake haina nguvu. Zikibaki kuwaka vilevile huku unasikia “ta!” moja, umeme hauingii ndani ya stata.

Kabla ya kuilaumu betri, angalia vichwa vyake kwa karibu. Shika kila klampu ujaribu kuizungusha kwa mkono. Ikisogea hata kidogo, huenda umeshapata ugonjwa. Utaona pia unga mweupe wenye rangi ya kijani au samawati umejaa pembeni. Unga huo hauruhusu umeme mwingi kupita, na stata inahitaji umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote kwenye gari. Ndiyo maana redio inaweza kuimba vizuri huku injini imekataa. Fungua upande hasi kwanza, ili spana ikigusa bodi ukifungua upande chanya pasiwe na cheche. Mwagia maji moto yenye soda ya kuokea, sugua kichwa na ndani ya klampu hadi madini ya risasi yang'ae, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Pengine utakuta mtu aliwahi kuchomeka kipande cha bati kati ya klampu na kichwa kwa sababu klampu ilikuwa kubwa kuliko kichwa chenyewe. Kitoe, ununue klampu inayofaa.

Kisha fuata waya mweusi kutoka upande hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Huo ndio ethi, na ndio unaosahaulika kuliko vyote. Kwa nje plastiki inaonekana nzima. Uminye karibu na ncha: ukihisi chembechembe zinavunjika ndani, au ukiona shaba imegeuka kijani pale inapoingia kwenye kichwa cha waya, umekwisha. Ukipenda kuthibitisha, weka mita kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini huku mtu akipiga stata. Ikizidi volti 0.2 hadi 0.3, ethi inapoteza umeme. Njia ya barabarani ni rahisi zaidi: chukua waya mmoja tu wa kujampia, unganisha kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, mbali na mikanda na feni, kisha jaribu kuwasha. Gari likiwaka, hujanunua betri.

Betri ikiwa inaisha kila gari likilala siku mbili tatu, jiulize ni nani anayekula umeme usiku. Hapa kwetu jibu mara nyingi liko chini ya usukani. Gari lililonunuliwa kwa mkopo lina kifaa cha kulifuatilia, mwenye gari wa awali aliweka alamu, aliyemtangulia aliweka kikata umeme cha siri, na kila fundi alikata waya wa kiwandani, akausokota na wake na kuuzungushia tepu. Tepu inapoachia, stata inanyamaza bila sababu yoyote ya kuonekana. Ukinunua gari la mkono wa pili, muulize muuzaji swichi ya siri iko wapi kabla hajaondoka. Gari lililolala likila chini ya miliampea 50 ni kawaida. Likila nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 itakuwa tupu kabla siku nne hazijaisha. Kupima, pitisha umeme wa upande hasi kupitia mita kwenye tundu la ampea 10, subiri karibu nusu saa mifumo ilale, kisha chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Usipige stata mita ikiwa hapo.

Kujampia kuna mpangilio wake. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari lililokwama, si kwenye betri yake, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Kama wewe au jirani mna haibridi (gari la petroli na umeme), soma kitabu chake kwanza: wengi wa watengenezaji hawataki itumike kuwasha gari jingine, na nyaya zake za rangi ya machungwa haziguswi kamwe. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, kwa hiyo vijana wanaojitolea kukusaidia kando ya Thika Road waambie walisogeze pembeni tu, weka lifesava (pembetatu ya tahadhari) nyuma, na kama ni usiku mahali usipopajua, kaa mahali penye watu na taa hadi huduma ya uokoaji ya bima yako au AA Kenya ifike.

Likishawaka, pima volti papo hapo. Zikiwa 12 na zinashuka, altaneta haichaji na utazimikiwa tena njiani. Akitokea mtu wa kuchomoa betri injini ikiwa inanguruma ili “kujaribu altaneta”, mkatalie. Kwenye magari ya sasa umeme unaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta.

Fundi akifika, mwambie ulichosikia na namba ulizopata, na umwombe apime mbele yako. Akisema stata imekufa, aifungue ukiona. Kwenye stata nyingi za magari ya Kijapani kilicholika ni vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi (swichi kubwa ya stata), au kaboni, na hivyo huuzwa peke yake. Betri nayo ihukumiwe ikiwa imechajiwa usiku kucha: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati stata inazunguka, hapo sasa nunua. Nenda na namba ya ile ya zamani, NS40 au NS60 au nyingine yoyote, na picha inayoonyesha chanya iko upande gani, kwa sababu betri ya saizi ileile iliyogeuzwa vichwa haitafikiwa na nyaya zako. Ukiwa dukani, kabla ya kulipa, pima ile mpya pia; ikisoma 12.2, omba nyingine.