Kumtunza mbwa mdogo mzee mwenye ugonjwa wa moyo

Kipimo muhimu kuliko vyote hakihitaji kifaa: hesabu pumzi zake akiwa usingizini. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, andika kwenye daftari kila siku. Kwa kawaida hazizidi 30 kwa dakika. Zikivuka hapo, hesabu tena baada ya muda mfupi. Zisiposhuka, mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana huenda maji yanajaa kwenye mapafu. Usihesabu anapoota huku miguu ikirukaruka, utadanganyika. Ufizi ukigeuka samawati au kijivu, ni dharura.

Akiwa anatumia furosemaidi (dawa ya kuondoa maji yaliyozidi mwilini) atakojoa sana na kunywa sana. Usimnyime maji hata akichafua sakafu, figo zitaumia. Mtoe nje mara nyingi zaidi.

Mpime uzito kila wiki, ikiwezekana kwa mizani ya watoto wachanga: mbwa wa kilo 4 akipungua gramu 400 amepoteza asilimia 10, na kwa macho huoni. Kola ya shingoni ibadilishe kwa mkanda wa kifuani, kwani kola humchochea kikohozi. Aibuprofeni, dawa ya maumivu ya binadamu, usimpe kabisa.