Kubadili vipimo vya nishati: kutoka mtungi wa gesi na BTU za kiyoyozi hadi uniti za luku

Dada mmoja anayeoka na kufungasha korosho pale Mikindani aliniletea ukurasa wa daftari. Ameandika kwenda chini: mtungi 15, mkaa 1, AC 12000, oveni 2000, pakiti 553. Chini kabisa kapiga mstari wa kujumlisha. "Sasa fundi, hapa kinachonimaliza ni kipi?" Namba zenyewe alizitoa kwenye vifaa na hazina shida. Shida ni kwamba hii ni kilo, hii ni gunia, hii ni BTU (kipimo cha joto cha Kiingereza), hii ni wati na hii ni kilokalori. Nimeandika hapa jinsi tulivyozilinganisha, maana mimi ni fundi wa friji na viyoyozi Mtwara mjini na swali hili naulizwa kila mara.

Hatua ya 1: Andika namba hizi

Tovuti na programu za kubadili vipimo sizipendi. Zinapokea chochote unachoziingizia na kukupa jibu, hata kama ulichoingiza hakina maana. Kikokotoo cha simu na karatasi moja vinatosha:

kilowati-saa 1 (ndiyo uniti 1 ya luku) = megajuli 3.6
kilokalori 1 = kilojuli 4.184
BTU 1 = takriban juli 1,055
gesi ya mtungi, kilo 1 = takriban megajuli 46
mkaa mkavu, kilo 1 = takriban megajuli 29
gesi asilia, meta 1 ya ujazo = takriban megajuli 35

Mistari mitatu ya juu ni kipimo kwa kipimo, haibadiliki. Mitatu ya chini inategemea mzigo wenyewe, na mkaa ulionyeshewa mvua haufikishi hiyo 29. Ukikuta mahali wameandika 50 kwa gesi ya mtungi na 38 kwa gesi asilia, nao wako sawa: wamehesabu hadi joto linaloondoka na mvuke wa maji, ambalo jiko la nyumbani halilipati. Chagua upande mmoja ubaki nao, usichanganye.

Hatua ya 2: Pitisha kila kitu kwenye megajuli

Anayetoka Masasi kwenda Lindi kwa barabara kuu anapita Mnazi Mmoja, na anayekwenda Mtwara mjini naye anapita hapohapo. Megajuli ndiyo Mnazi Mmoja yako. Usihangaike kukariri BTU moja ni kilokalori ngapi. Ingia kwenye megajuli, kisha toka na kipimo unachokitaka.

Mtungi wa kilo 15: 15 × 46 = megajuli 690. Gawanya kwa 3.6, unapata kama uniti 192.

Mkaa: gunia si kipimo, hasa kwa lumbesa zetu. Pima kwa mzani kwanza. Kilo 1 ni 29 ÷ 3.6, yaani uniti 8 hivi.

Hatua ya 3: Tafuta saa iliyofichwa

Hapa ndipo wengi wanapokesha, kwa hiyo tuliza akili.

Kilo ya mkaa ni nishati: ni kiasi, kipo, kinaisha. Wati 2,000 za oveni si kiasi, ni kasi ya kula nishati, yaani juli 2,000 kila sekunde. Huwezi kuijumlisha na mtungi mpaka useme oveni imewaka muda gani. Wati 2,000 kwa saa moja na nusu ni kilowati-saa 3, uniti 3. Mtu akikwambia "mwezi huu nimetumia kilowati 30", muulize kama anamaanisha kilowati-saa, na mara nyingi ndivyo.

Kwa wati, saa inaonekana kwa urahisi. Kwa BTU imefichwa kweli. Boksi la kiyoyozi linaandika 12,000 BTU kwa maandishi makubwa, muuzaji anasema "hii ni ya BTU elfu kumi na mbili", na wote wawili wameacha neno la mwisho: kwa saa. Hiyo ni kasi, sawa na wati. Ukizidisha 12,000 kwa juli 1,055 unapata megajuli 12.66 kwa kila saa. Gawanya kwa 3.6, unapata kilowati 3.5.

Sasa mtego wa pili, ambao hata mafundi wenzangu wanauingia. Hizo kilowati 3.5 si umeme anaolipia mwenye nyumba. Ni joto ambalo kiyoyozi kinalitoa chumbani na kulimwaga nje. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto, na kuhamisha kunahitaji umeme mdogo kuliko joto linalohamishwa. Kwa hiyo kumwambia mteja kwamba AC yake inakula uniti 3.5 kila saa ni kumtisha bure. Namba ya kushika iko kwenye stika ya chuma au karatasi ubavuni mwa mashine, kwenye mstari wa nguvu inayoingia, umeandikwa kwa W au kW. Tuseme imeandikwa 1,100 W: basi ni uniti 1.1 kwa saa ikiwa inafanya kazi mfululizo. Saa 8 ni uniti 8.8, na hiyo ni dari tu, kwa sababu kompresa ya kawaida inakata chumba kikipoa na ya inveta inapunguza mwendo. Joto la Novemba kabla ya mvua, na mlango unaofunguliwa kila dakika kuingiza katoni, vitakusogeza karibu na dari hiyo. Stika ikiwa imefutika na hukuti namba ya umeme, usibuni. Pima kwa klampu mita, kile kifaa kinachobana waya na kusoma umeme unaopita.

Mimi kama ningekuwa na amri ningeifuta BTU kwenye maboksi yote na kuweka kilowati mbili, ya joto na ya umeme, zikiwa jirani.

Hatua ya 4: Pakiti ya korosho

553 ni kilokalori kwa gramu 100 za korosho mbichi iliyobanguliwa. Zidisha kwa 4.184, ni kilojuli 2,314. Pakiti ya gramu 50 ni nusu yake. Wanaoandika "kalori" kwenye chakula wanamaanisha kilokalori. Usigawanye kwa elfu. Ukioka kwa mafuta namba inapanda, kwa hiyo lebo ya kuuzia ifuate kipimo cha bidhaa yako.

Hatua ya 5: Betri

Ampea-saa peke yake si nishati. Zidisha kwa volti. Betri ya sola ya 100 Ah na volti 12 ni wati-saa 1,200, uniti 1.2. Pawabenki ya 20,000 mAh, yaani 20 Ah, inazidishwa kwa 3.7, volti ya seli za ndani, si 5 ya kwenye waya: ni wati-saa 74.

Hatua ya 6: MMBtu za habari za gesi

Ukisoma habari za visima vya gesi asilia vya Mnazi Bay au Songo Songo utaikuta MMBtu. M moja ya watu wa gesi ni elfu, kwa Kirumi, hivyo MM ni elfu mara elfu, milioni. Ila M ya megajuli ni milioni tayari. MMBtu 1 ni megajuli 1,055, au uniti 293.

Hatua ya 7: Ondoa kinachopotea, kisha uliza mita

Uniti 192 za mtungi haziingii zote kwenye sufuria. Kwa jiko la gesi mimi nakadiria nusu. Jiko la mkaa la kawaida, chini ya robo. Gawanya bei uliyonunulia kwa uniti zilizofika kwenye sufuria, ndipo ulinganishe na luku.

Upande wa umeme una bahati ya mita. Zima kila kitu, andika uniti zilizobaki, washa oveni saa moja, soma tena. Ulitarajia 2 ukakuta 1.4? Usirudie hesabu: oveni ilifikia joto ulilolipanga, ikawa inakata na kurudi. Tumia 1.4.