Kupima mishipa ya shingo kwa mgonjwa wa kiharusi: chunga pembe

Kabla hujashika proba (kichwa cha mashine ya ultrasaundi), soma fomu ya ombi. Mgonjwa akiwa amepooza mkono na mguu wa kulia, mshipa unaoshukiwa zaidi ni wa kushoto. Hata hivyo utapima pande zote mbili. Hakikisha CT (picha ya ubongo) imeshafanyika. Kama ni damu iliyovujia kwenye ubongo, kipimo hiki kinaweza kusubiri.

1. Mlaze vizuri. Chali, mto mwembamba chini ya mabega, uso ugeuke kidogo upande wa pili. Baadhi ya wagonjwa hawa hawawezi kuongea lakini wanasikia na kuelewa. Mwambie, "Mzee wangu, nageuza uso wako kidogo," kisha mwelekeze taratibu kwa kiganja. Jeli iwe nyingi, mkono uwe mwepesi: ukikandamiza pale mshipa unapogawanyika, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla.

2. Pita kwanza bila rangi (inayoonyesha mkondo wa damu). Tumia proba bapa ya megahezi 7 hadi 12. Anzia juu ya mtulinga, panda polepole hadi chini ya taya, mshipa ukionekana kama duara. Plaki (mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa) ikiwa ngumu utaijua kwa weupe wake na kivuli kinachoanguka nyuma. Ile laini ni nyeusi kama damu yenyewe, unaweza kuipita usiione. Kwa hiyo rudia njia hiyohiyo na rangi, uangalie wapi haijazi mshipa.

3. Tenganisha karotidi ya ndani na ya nje. Karotidi kuu hugawanyika shingoni: ya ndani huenda kwenye ubongo, ya nje usoni. Hapa ndipo wanafunzi wangu wanapokosea, na mimi nilikosea miaka yangu ya mwanzo: niliandika karotidi ya ndani ni nzima, kumbe nilikuwa nimepima ya nje. Ya ndani kwa kawaida ni nene zaidi, iko nyuma na kwa pembeni, na damu yake haikatiki moyo unapopumzika, kwa sababu ubongo hunywa muda wote. Ya nje ina matawi shingoni. Ukiwa na shaka, weka dopla (kipimo cha kasi ya damu) kwenye mshipa, kisha mgongegonge mgonjwa kwa kidole kwenye panja, mbele ya sikio. Grafu ikitetemeka kwa mdundo wa kidole chako, uko kwenye ya nje. Usiutegemee ujanja huu peke yake, maana wakati mwingine hata ya ndani hutikisika kidogo.

4. Pima kasi. Geuza proba mshipa uonekane kwa urefu. Geti (kidirisha cha kupimia kasi) iwe ndogo, katikati ya mkondo, na mstari wa pembe ulale sambamba na mkondo. Pembe kati ya mwale wa proba na mkondo isizidi nyuzi 60. Chukua mfano: pembe halisi ni 60, kasi ya kweli ni sentimita 200 kwa sekunde. Ukiweka 65, mashine itakuandikia karibu 237. Nyuzi 5 tu, umevuka mpaka wa 230 (tazama hatua ya 5), na umeshampeleka mtu kwa daktari wa upasuaji.

Kwenye plaki, sogeza geti kidogokidogo hadi upate kasi ya juu kabisa. Kisha pima karotidi kuu, sentimita 2 au 3 chini ya mgawanyiko.

5. Soma namba. Kwa makubaliano ya wataalamu wa Marekani ya 2003, karotidi ya ndani yenye kasi ya sistoli (moyo unapokaza) chini ya 125 imeziba chini ya asilimia 50. Kati ya 125 na 230 ni asilimia 50 hadi 69. Zaidi ya 230 ni 70 au zaidi, na hapo kasi ya ndani huwa zaidi ya mara 4 ya karotidi kuu. Namba ikibishana na picha, usiifiche. Mshipa uliobaki na tundu kama la sindano unaweza kutoa kasi ndogo. Na upande wa pili ukiwa umeziba kabisa, huu mzima hubeba mzigo na kasi yake hupanda bure.

6. Ateri za nyuma ya shingo (vetebrali). Zitafute kati ya vivuli vya mifupa ya shingo. Damu ikishuka badala ya kupanda, pima presha mikono yote miwili.

Kwenye ripoti andika upande, kasi, pembe na aina ya plaki. Ukipata asilimia 70 au zaidi upande unaolingana na dalili, mpigie daktari simu kabla hujachapa. Upasuaji wa kusafisha mshipa hufaa zaidi ukifanyika ndani ya wiki 2 tangu dalili zianze, na siku kadhaa huenda zimeshapita kabla mgonjwa hajafika kwako.