Magadi, siki na sabuni ya mche: dawa za usafi za kujitengenezea nyumbani

Maelekezo mengi ya dawa za usafi yanayozunguka kwenye simu yana kosa lile lile: changanya siki na bekingi soda kwenye chupa moja. Povu linapanda, macho yanafurahi, basi. Siki ni asidi na soda ni alkali. Zikikutana zinauana, hewa inatoka, na kinachobaki chupani ni maji ya chumvichumvi yasiyosafisha kitu. Kijiko kimoja na robo cha chakula cha soda kinatosha kuua nguvu ya robo lita nzima ya siki ya asilimia 5. Ukifunga kifuniko kabla povu halijaisha, chupa inaweza kupasuka.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, tazama uchafu wenyewe. Mafuta ya jikoni, jasho la kola na mafuta ya mikono kwenye vitasa vya milango vinataka alkali: magadi, soda, majivu, sabuni. Ukoko mweupe ndani ya birika, kutu na utando wa sabuni kwenye vigae vya bafuni vinataka asidi: siki, limau, ndimu. Vyote viwili vinaweza kutumika mahali pamoja, ila kwa zamu. Suuza kimoja ndipo kingine kifuate.

Maji ya magadi

Kwa kazi nzito, mtu wa Arusha au Moshi hana sababu ya kununua vipakiti vya bekingi soda. Magadi yale yale ya kulainishia makande yapo soko la Kilombero, yapo soko la Mbuyuni. Ziwa Natron lenyewe liko mkoani Arusha, chini ya Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayotoa lava ya jamii hiyo ya magadi katika zama hizi. Na magadi ni makali kuliko bekingi soda, kwa kuwa, juu ya bikaboneti ambayo ndiyo bekingi soda yenyewe, yana pia kaboneti, alkali kali zaidi.

Ponda mawe ya magadi yawe unga. Vijiko vitatu vya chakula, gramu 45 hivi, vitie kwenye lita 1 ya maji ya moto, ndani ya ndoo ya plastiki au chombo cha chuma cha pua. Koroga, acha saa nzima. Udongo na mchanga vitazama chini. Mimina maji ya juu taratibu kupitia kitambaa, masalia yaache. Ukiruka hatua hii, mchanga utakwaruza kila utakachosugua.

Maji hayo pakaza moja kwa moja kwenye jiko la gesi lililogandiwa na mafuta au kwenye ukuta wa vigae nyuma yake. Subiri dakika 10, futa kwa kitambaa chenye maji ya moto, kisha suuza. Kwa sakafu ya saruji, kikombe kimoja cha robo lita kwenye ndoo ya lita 10 kinatosha. Ukizidisha, sakafu ikikauka itaachwa na unga mweupe, na utalazimika kudeki tena kwa maji matupu.

Vaa glovu, maana magadi huondoa mafuta ya ngozi kama yanavyoondoa ya jikoni. Yasiguse sufuria za alumini: alkali hula alumini na kuigeuza nyeusi. Yasiguse pia mbao zenye vanishi wala nguo za sufi.

Sabuni ya maji

Hapa watu wengi huharibikiwa, kwa kuwa wanachanganya njia mbili. Sabuni ya maji inayouzwa kwenye madumu mitaani hutengenezwa kwa kemikali za viwandani, na chumvi huongezwa ili iwe nzito. Sabuni ya mche ni kitu kingine. Ukiitia chumvi nyingi inajitenga: mabonge juu, maji chini. Ukiitia siki au limau ndiyo mbaya zaidi, asidi inaivunja kuwa mafuta, nawe unabaki na kitu kama maziwa yaliyokatika. Harufu ya limau ni nzuri, lakini humu haina nafasi.

Chukua gramu 100 za sabuni ya mche isiyo na rangi kali. Bila mizani, ni kipande cha ukubwa wa visanduku vinne vya kiberiti vikipangwa pamoja. Kwaruza kwa kikwaruzio cha karoti. Chemsha lita 1 ya maji, epua, mwagia sabuni huku unakoroga mpaka chembe ziyeyuke. Funika, lala. Asubuhi utakuta ute mzito kama uji uliopoa. Ongeza maji ya vuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa, nusu lita nusu lita, huku ukipiga kwa mwiko, hadi imiminike unavyotaka. Kwa kawaida utafika lita 2 hadi 2.5. Ikiganda tena baada ya siku mbili usiitupe, ongeza maji ya moto kidogo.

Haina dawa ya kuzuia kuoza, kwa hiyo tengeneza ya wiki mbili tu. Wanaotia maji ya mchaichai kwa ajili ya harufu wajue kwamba majani huharakisha kuchacha. Mchaichai uchemshe pembeni, utie kwenye ndoo ya kudekia siku ile ile.

Maji yako yakiwa magumu, sabuni haitoi povu, inatoa utando wa kijivu. Pima hivi: kwenye chupa ya nusu lita iliyojaa maji hadi katikati, tia matone kumi ya sabuni, tikisa. Povu likikaa dakika mbili, hakuna shida. Lisipokaa, tumia maji ya mvua, au tia kijiko cha chai cha maji ya magadi kwa kila lita ya maji ya kuoshea.

Siki ya maganda

Machungwa ya Muheza yakijaa sokoni, wakamuaji wa juisi hutupa maganda kwa ndoo, na ukiomba unapewa. Yaoshe, toa nyama yote ya ndani maana sukari yake huacha kunata. Jaza chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina siki nyeupe ya asilimia 5 mpaka maganda yazame kabisa. Ganda linaloelea juu ndilo linaloota ukungu. Kifuniko cha chuma huliwa na kutu, kwa hiyo tanguliza kipande cha plastiki. Baada ya wiki mbili chuja, ongeza maji kiasi hicho hicho, tia kwenye chupa ya kupulizia.

Inafaa kwa vioo, mabomba na vigae. Isitumike kwenye terazo, marumaru halisi wala saruji, kwani asidi hula chokaa iliyomo na kung'aa kote kunapotea.

Birika lenye ukoko: siki nusu, maji nusu, chemsha, acha dakika 30, suuza mara mbili. Doa la kutu kwenye sinki au choo linataka maji ya limau na chumvi, saa nzima, kisha brashi.

Sufuria

Masizi ya nje hutoka kwa majivu yaliyochekechwa, dodoki na sabuni kidogo. Sugua upesi na suuza upesi, kwa sababu majivu nayo ni alkali. Bora zaidi, paka nje ya sufuria sabuni ya mche iliyoloweshwa kabla ya kuibandika kwenye kuni. Masizi yatashika sabuni, yatatoka kwa maji. Alumini iliyogeuka nyeusi ndani irudishe kwa kuchemsha maganda ya limau, au vijiko viwili vya chakula vya siki kwa lita 1 ya maji, kwa dakika 10.

Mipaka yake

Dawa hizi zinaondoa uchafu, haziui vimelea vyote. Kukiwa na kipindupindu au mgonjwa wa kuhara nyumbani, siki haitoshi. Tumia klorini kwa kipimo atakachokupa bwana afya. Na pale palipomwagwa Jik pasifike siki wala limau, kwa sababu hutoka gesi ya klorini inayochoma mapafu. Mwaga maji mengi kwanza.

Usihifadhi chochote kati ya hivi kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Maji ya magadi yaliyochujwa yanafanana na maji matupu, na mtoto hasomi. Andika jina na tarehe, weka juu.

Maji yaliyooshea vyombo kwa sabuni ya mche yanaweza kwenda kwenye migomba. Yale ya magadi yamwage mbali na bustani ya mchicha: sodiamu yake hugandisha udongo, na maji ya mvua yanashindwa kupenya.